Nani Hunena Wakati wa Dhiki: Jinsia, Uongozi na Chuo Kikuu katika Historia ya Kwale

Historia ya uongozi wa wanawake katika vyuo vikuu vya Kenya huandikwa mara nyingi kana kwamba yote ilitendeka Nairobi, ilhali pwani ya kusini, yaani ile nchi inayoanzia ng'ambo ya Likoni, ikapitia Waa, Tiwi, Diani, Msambweni na Gazi hadi Vanga na Lunga Lunga kwenye mpaka wa Tanzania, na kupanda Milima ya Shimba hadi Kinango na Samburu, ina mengi ya kusema kuhusu suala hilo. Eneo hilo, ambalo leo ni Kaunti ya Kwale, lilichelewa kufikiwa na chuo kikuu, na lilipofikiwa lilikipokea kikiwa tawi la taasisi ya Mombasa. Lakini lilikuwa na desturi ndefu ya kuamua nani asimame kunena siku ya njaa, ya maradhi au ya vita, na nani anyamaze. Hoja ya makala haya ni kwamba tatizo la jinsia katika uongozi wa vyuo vikuu wakati wa janga halikuanzia vyuoni, wala halitokani na namna wanawake wanavyozungumza. Asili yake ni kiti, yaani mamlaka yenye haki ya kutoa tamko, ambacho kwa muda mrefu kiliwekwa mahali ambapo mwanamke hakufika, na vilevile mazoea ya kutoa tamko bila kusubiri jibu.

Mawasiliano ya uongozi wakati wa janga ni kazi ya kiongozi ya kuwaeleza watu walio chini ya dhamana yake ni jambo gani limetokea, nini kinajulikana na nini bado hakijulikani, hatua gani inachukuliwa, na kila mtu anatakiwa afanye nini. Na nusu yake ya pili, ambayo husahauliwa mara kwa mara, ni kupokea maswali, malalamiko na habari kutoka kwa watu hao kisha kubadili hatua inapobidi. Jinsia, kwa maana inayotumika hapa, ni mgawanyo wa kazi, haki na matarajio ambao jamii huwapangia wanaume na wanawake, mgawanyo ambao hubadilika kadiri sheria, dini na uchumi vinavyobadilika. Kwale ni mahali pazuri pa kuuchunguza mgawanyo huo kwa sababu umebadilika hapo mara kadhaa katika kipindi cha takriban miaka 150, na kila mara mabadiliko yake yaliacha alama juu ya swali la nani ana haki ya kunena.

Wadigo na Waduruma, ambao ndio wakazi wengi wa Kwale na ni sehemu ya jamii ya Mijikenda, waliishi zamani katika kaya, yaani vijiji vilivyozungukwa na msitu, ambavyo baadaye vilibaki kuwa mahali patakatifu pa maziko, maombi na mashauri. Kaya Kinondo, iliyo karibu na Diani, na Kaya Mtswakara ya Waduruma ziliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, na kwa sababu hiyo watu wengi huzijua leo kama misitu ya kuhifadhiwa. Lakini kwa historia ya siasa kaya ilikuwa kwanza mahali pa maneno. Hapo ndipo ngambi, yaani baraza la wazee, lilipokaa kusikiliza pande zote za shauri, na uamuzi wake ulipata nguvu kwa sababu waliohusika walikuwa wamesemeshwa na kusikilizwa. Ngambi lilikuwa baraza la wanaume. Wanawake walikuwa na vyeo vyao katika uganga, katika ibada na katika nyimbo za msiba na za kuomba mvua, na maneno yao yalitafutwa ukame ulipozidi au maradhi yalipoenea, ila hawakukaa katika kikao kilichofunga shauri.

Jambo linalowapotosha wasomaji wengi ni fuko, yaani ukoo wa upande wa mama, ambao kwa Wadigo ulikuwa msingi wa nasaba na urithi. Mali ya mwanamume, ikiwemo minazi na mashamba, ilikwenda kwa watoto wa dada yake badala ya watoto wake mwenyewe, na mjomba alikuwa na sauti juu ya wapwa wake kuliko baba yao. Kutokana na hilo wapo waliodhani kwamba wanawake wa Kidigo walitawala. Ukweli ni kwamba fuko lilimpa mwanamke uzito bila kumpa kiti: nasaba ilipitia kwake, ndugu zake waliwajibika kwake, na neno lake ndani ya nyumba ya mama halikupuuzwa, lakini msemaji wa fuko mbele ya watu wengine alikuwa mjomba. Tofauti hii kati ya kuwa na uzito na kuwa na kiti itaonekana tena katika chuo kikuu, na ni vyema msomaji aishike.

Uislamu ulipoenea miongoni mwa Wadigo, hasa kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20, ulileta kanuni nyingine ya mirathi, ambayo kwayo watoto wa marehemu, wa kiume na wa kike, wana mafungu yao yaliyowekwa. Watoto na wapwa wakagombania mashamba yale yale, na mashauri yao yakafika mbele ya makadhi na mabaraza ya serikali ya kikoloni, ambayo hayakuwa na msimamo mmoja. Mabadiliko hayo hayakuwa hasara tupu wala faida tupu kwa wanawake: binti alipata fungu ambalo hakuwa nalo kwa baba yake, na wakati huohuo ule uzito wa dada katika fuko ulipungua.

Serikali ya kikoloni iliongeza jambo la tatu, na kwa maoni ya makala haya ndilo lililoacha alama kubwa zaidi katika taasisi za leo. Iliichukua desturi ya baraza ikaigeuza kuwa mahali pa kutangazia amri: mtawala wa wilaya au chifu alisimama, akasema kuhusu kodi, kazi za barabara au karantini, na watu wakasikiliza. Aliyethubutu kujibu alihesabiwa mkorofi, na mwanamke aliyejibu alihesabiwa zaidi ya hapo. Mfano unaojulikana sana ni wa jirani za Kwale upande wa kaskazini, ambako mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama kwa ngoma na hotuba dhidi ya kodi na kazi ya kulazimishwa, akishirikiana na Wanje wa Mwadorikola, huku wanawake wakila kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi. Waingereza walimkamata na kumhamishia Kisii, naye akatoroka na kurudi kwao. Kilichowatisha maofisa kilikuwa njia yake ya mawasiliano, kwa kuwa habari yake ilipita katika vinywa vya wanawake kutoka kijiji hadi kijiji, nje ya baraza la serikali na nje ya lugha ya makaratasi, na hivyo hapakuwa na waraka wa kuizuia.

Elimu ya shule ilifuata ngazi hiyo hiyo. Shule za serikali na za misheni zilipofunguliwa pwani, wavulana ndio walioandikishwa kwanza, kwa sababu lengo lilikuwa kupata makarani, walimu na mafundi. Wasichana wa Kidigo walibaki katika madrasa, nao waliosonga mbele wakawa walimu wa wanawake wenzao. Taasisi ambayo baadaye ingekuwa chuo kikuu cha Mombasa ilizaliwa katika hali hiyo. Chuo cha Elimu ya Waislamu cha Mombasa, kilichojulikana kwa kifupisho cha MIOME, kiliasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jumuiya ya Mabohora na serikali ya kikoloni, kikaanza kupokea wanafunzi mwaka 1951 kwa nia ya kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Fani zake za umeme, useremala, unahodha na mitambo ya meli zilihesabiwa zote kuwa kazi za wanaume. Mwaka 1966 kilifunguliwa kwa watu wa dini zote kikiitwa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na Januari 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili kwa jina la Technical University of Mombasa, chenye makao yake Tudor na tawi lake Kwale. Kwa hiyo chuo ambacho vijana wengi wa Kwale hukiona kuwa chao kina ukoo wa taasisi iliyowazia wanaume tangu siku ya kwanza, na jambo hilo halibadiliki kwa kubadilisha jina langoni.

Kabla ya hapo kijana wa pwani ya kusini aliyetaka shahada kwa kawaida aliondoka pwani, mara nyingi akaenda Nairobi, na Nairobi ndiko ilikoonekana kwa mara ya kwanza gharama anayolipa mwanamke wa chuo kikuu anaponena wakati wa dhiki. Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu mwaka 1971, akiwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufika hapo, kisha akaongoza idara ya anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini yeye na mwalimu mwenzake Vertistine Mbaya walitambua kwamba wanawake walioajiriwa hawakupewa marupurupu ya nyumba na ya matibabu kwa masharti sawa na wanaume, na walipodai usawa walionekana wasumbufu. Mwaka 1982 Maathai alijiuzulu ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea kwa sababu ya kasoro ya usajili, na alipoomba kurudi kazini chuo kikamkatalia na kumtaka aondoke katika nyumba ya chuo.

Mwaka huohuo ulimkumba Mĩcere Gĩthae Mũgo kwa namna kali zaidi. Alikuwa mkuu wa kitivo katika chuo hichohicho, wadhifa ambao hakuna mwanamke aliyekuwa ameushika kabla yake katika chuo kikuu cha Kenya, na wadhifa huo aliupata kwa kura za walimu wenzake. Katika nafasi hiyo alisema waziwazi juu ya uhuru wa kufikiri, juu ya kukamatwa kwa wahadhiri na juu ya haki za wanafunzi, wakati ambapo serikali ilikuwa inaminya vyuo. Na baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 alilazimika kukimbilia uhamishoni, akanyimwa uraia wa Kenya, akaishi na kufundisha Zimbabwe na Marekani hadi alipofariki mwaka 2023. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na wanafunzi wakarudishwa makwao kwa amri, bila mazungumzo. Inafaa kukumbuka kwamba wapo wanaume wengi walioteswa na kufungwa katika kipindi hicho, na hakuna haja ya kupima mateso kwa mizani. Linalohusu mada hii ni kwamba wanawake wawili waliokuwa wamefika karibu kabisa na kiti walipotea chuoni ndani ya mwaka mmoja, na vijana wa kike waliokuwa madarasani, wakiwemo wachache waliotoka pwani, waliona wazi malipo ya kunena.

Ukimya uliofuata ulikuwa mrefu. Ilipofika mwaka 2006 ndipo Olive Mugenda alipoteuliwa naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kuwa mwanamke wa kwanza kukiongoza chuo kikuu cha umma nchini. Naibu chansela, ni vyema kueleza, ndiye mtendaji mkuu wa chuo, kwa kuwa chansela ni cheo cha heshima. Mwaka 2008 Mabel Imbuga akashika uongozi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba vyuo viwili vya pwani vilivyofanywa vyuo vikuu vishiriki mwaka 2007 vilikuwa chini ya vyuo hivyo viwili: Chuo Kikuu Kishiriki cha Pwani, kule Kilifi, kilikuwa chini ya Kenyatta, na kile cha Mombasa kilikuwa chini ya Jomo Kenyatta, hadi vyote vilipojitegemea mwaka 2013. Yaani, elimu ya chuo kikuu ya umma iliota mizizi pwani chini ya saini za wanawake, ingawa ofisi zao zilikuwa mbali na bahari. Baadaye Laila Abubakar alimrithi Josphat Mwatelah katika uongozi wa chuo cha Mombasa, na ile taasisi iliyoanza na useremala na unahodha kwa wavulana ikaongozwa na mwanamke.

Katiba ya mwaka 2010, kwa kifungu cha 27, ilikuwa imeweka kanuni kwamba watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, na serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, Fatuma Achani, ambaye ni wakili, akawa naibu gavana wa Kwale chini ya Salim Mvurya kwa vipindi viwili. Mnamo Agosti 2022 alichaguliwa gavana, akawa mmoja wa wanawake saba waliochaguliwa magavana mwaka huo na wa kwanza katika pwani yote. Hata hivyo tukio linaloeleza vizuri zaidi uhusiano wa mwili wa mwanamke, kiti na neno lilimpata mbunge mwakilishi wa wanawake wa Kwale, Zuleikha Hassan, tarehe 7 Agosti 2019, alipoingia katika Bunge la Taifa akiwa na mwanawe mchanga wa miezi mitano na kuamriwa atoke, kwa kuwa kanuni za ukumbi zilimhesabu mtoto kuwa mgeni asiyeruhusiwa. Hakuna aliyemwambia Zuleikha Hassan kwamba mwanamke haruhusiwi kusema; kanuni iliandikwa tu na watu ambao hawakuwahi kunyonyesha, na ikatosha kumtoa. Vyuo vikuu vina kanuni za aina hiyo kwa wingi, katika saa za vikao, katika makazi ya wahadhiri, katika masharti ya likizo ya masomo, na janga linapofika kanuni hizo hukaza zaidi.

Janga la mwaka 2020 ndilo linaloonyesha haya yote kwa ukamilifu. Kisa cha kwanza cha ugonjwa wa korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru taasisi za elimu zifungwe, vyuo vikuu vikipewa hadi tarehe 20 Machi kuwa vimewaondoa wanafunzi. Wale waliotoka Kwale walivuka kivuko cha Likoni na vifurushi vyao pamoja na umati wa wafanyakazi. Tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya marufuku ya kutoka nje usiku, polisi waliwapiga na kuwarushia gesi ya machozi watu waliokuwa wakingojea feri hapo Likoni kabla hata saa ya marufuku haijafika, tukio lililolaaniwa nchini na nje ya nchi. Kwa mtu anayesoma historia ya mawasiliano, Likoni ya siku ile ni somo zito: amri ilikuwa imetolewa kwa televisheni, muda ulikuwa umetajwa, watu walikuwa wanajitahidi kuutii, lakini hapakuwa na mtu kivukoni mwenye mamlaka ya kusema nao. Mahali pa maneno palichukuliwa na rungu.

Kuanzia jioni ya tarehe 8 Aprili, Kwale, Kilifi na Mombasa zilifungwa, pakawa hapana kuingia wala kutoka. Kwale na Kilifi zilifunguliwa tarehe 7 Juni, ila Mombasa ilibaki imefungwa hadi mapema Julai, na kwa hiyo kwa mwezi mzima mwanafunzi wa Matuga au Msambweni aliweza kutoka katika kaunti yake huku chuo chake, ng'ambo ya maji, kikiwa katika eneo lililofungwa. Katika hali hiyo uongozi wa chuo ukawa maneno matupu kwa maana halisi, kwani hapakuwa na darasa, ukumbi wala ofisi. Kulikuwa na waraka, tovuti, barua pepe na simu. Kwa desturi ya vyuo vikuu vya umma vya Kenya waraka hutoka kwa naibu chansela au msajili, huandikwa kwa Kiingereza rasmi, huteremka kwa wakuu wa vitivo na idara, na humfikia mwanafunzi ukiwa umepigwa picha na kutumwa katika makundi ya WhatsApp. Waraka hauulizwi swali. Mwanafunzi aliyerudi Kinango au Lunga Lunga, ambako mtandao hushika juu ya kilima na kupotea bondeni, aliambiwa kwamba masomo yataendelea kwa intaneti, na asiyekuwa na simu ya kisasa wala fedha za data hakuwa na mahali palipotambuliwa pa kusema kwamba hawezi.

Hapo ndipo jinsia ilipoingia bila kualikwa. Nyumba nyingi za mashambani huweka kazi za maji, kuni, chakula na kulea wadogo mikononi mwa mabinti, na binti aliyekuwa mwanafunzi mbele ya lango la chuo akawa tena mwana wa nyumba mara aliposhuka kwenye matatu. Kaka yake angeweza kukaa chini ya mwembe na simu yake saa nne ya asubuhi, wakati ambapo yeye alikuwa kisimani. Wahadhiri wa kike nao walifundishia nyumbani wakiwa na watoto ambao shule zao zilikuwa zimefungwa pia. Wakati huo, katika kila chuo, kazi ya kumtafuta mwanafunzi aliyepotea, ya kusikiliza aliyekata tamaa na ya kumweleza mzazi, yaani ile nusu ya pili ya mawasiliano iliyotajwa mwanzoni, iliangukia zaidi mikononi mwa washauri nasaha, wasimamizi wa mabweni, wakufunzi wa ngazi za chini na wawakilishi wa madarasa, nafasi ambazo wanawake wanapatikana kwa wingi kuliko katika kamati zinazoandika waraka. Uzito ulikuwa kwao na kiti kilikuwa kwingine, kama ilivyokuwa katika fuko, na tofauti ni kwamba fuko lilitambua uzito huo hadharani, ilhali chuo kikuu hakina hata safu ya kuuandika katika fomu ya kupandishwa cheo.

Yapo maandishi mengi ya miaka ile yaliyodai kwamba wanawake ni viongozi bora wakati wa janga kwa kuwa ni wapole, wasikivu na wenye huruma, na mara nyingi alitajwa Jacinda Ardern, waziri mkuu wa New Zealand wa wakati huo. Sifa hiyo inaonekana tamu lakini ni mtego. Ikisemwa kwamba mwanamke huongoza vyema kwa sababu ya upole, basi anapotoa amri kali huhukumiwa kuwa amepoteza uanamke wake, na anapokuwa mpole huhukumiwa kuwa dhaifu. Mwanaume hapewi mtihani huo. Mekatilili hakuwa mpole, wala Mũgo hakuwa mpole, na wote wawili walisikiliza watu wao kuliko wanaume waliowafukuza. Usikivu ni utaratibu unaojengwa, kwa kuweka njia ya jibu na kumlazimu mwenye kiti aisome, na utaratibu huo unaweza kujengwa na mtu wa jinsia yoyote.

Utafiti unasaidia hapa. Mwaka 2005 Michelle Ryan na Alexander Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichunguza kampuni kubwa za soko la hisa la London wakaona kwamba wanawake walielekea kuingizwa katika bodi baada ya kampuni kufanya vibaya kwa miezi kadhaa, hali waliyoiita ukingo wa jabali la kioo, wakimaanisha kwamba mwanamke hupandishwa mahali pa juu palipo karibu kubomoka. Vyuo vikuu havijasalimika na hali hiyo. Tarehe 5 Desemba 2023 wakuu watatu wa vyuo vikuu vya Marekani, wote wanawake, waliitwa mbele ya kamati ya bunge kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi vyuoni mwao wakati wa vita vya Gaza, wakajibu kwa lugha ya tahadhari ya kisheria iliyowaudhi wengi; Liz Magill wa Pennsylvania alijiuzulu siku nne baadaye na Claudine Gay wa Harvard akajiuzulu tarehe 2 Januari 2024, huku Sally Kornbluth wa MIT akibaki kazini. Wakuu hao hawakuwa na upungufu wa elimu wala wa vyeo. Lugha waliyoitumia ilikuwa lugha ya waraka, iliyotengenezwa kumlinda mwenye kiti, na ilishindwa pale ilipotakiwa kusema na watu wenye uchungu.

Kwale ina mfano ulio kinyume na huo, na haukutoka katika ofisi yoyote ya chuo. Huko Gazi, kijiji cha wavuvi ambako Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui aliwahi kuwa na ngome yake kabla ya vita vyake na Waingereza vya mwaka 1895 na 1896, wanawake wamekuwa kwa miaka mingi na kikundi kinachotunza njia ya mbao ndani ya mikoko, na tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaendesha Mikoko Pamoja, mradi wa kuuza hewa ya ukaa uliotambuliwa kimataifa, kwa ushirikiano na watafiti wa bahari. Fedha zake hupangiwa matumizi katika mikutano ya kijiji, ambako mtafiti mwenye shahada ya uzamivu hulazimika kuueleza utafiti wake kwa Kiswahili au Chidigo mbele ya mama karanga, yaani wanawake wanaokaanga na kuuza samaki, na kujibu maswali yao hadi waridhike. Hapo elimu ya juu imerudi barazani katika hali ya zamani ya baraza, isipokuwa safari hii wanawake wamo ndani ya kikao. Chuo kikuu chochote kinachotaka kujua jinsi ya kuzungumza na watu wakati wa dhiki kingefaidika zaidi kwa kukaa Gazi siku chache kuliko kununua mwongozo wa mawasiliano kutoka ng'ambo.

Dhiki haikuisha na korona. Mwaka 2023 serikali ilileta mfumo mpya wa kugharimia vyuo vikuu, ambao uliwapanga wanafunzi katika makundi kulingana na hali ya kifedha ya familia zao, na wazazi wengi walijua kundi la mtoto wao kwa kusoma kiasi cha ada kwenye simu, bila mtu wa kuwaeleza kimehesabiwaje; Mahakama Kuu iliubatilisha mfumo huo Desemba 2024, na mzozo wake ukaendelea katika mahakama ya rufaa. Mwaka 2025 mgomo wa wahadhiri uliwaweka wanafunzi nyumbani kuanzia katikati ya Septemba hadi mapema Novemba. Katika mambo yote mawili matangazo yalikuwa mengi na maelezo yalikuwa machache, na familia ya mkulima wa korosho au ya mvuvi, inayolazimika kuchagua ni mtoto gani aendelee na masomo fedha zinapopungua, ilifanya uchaguzi huo bila habari za kutosha. Vyuo na kaunti zote zinajua kwamba katika uchaguzi wa namna hiyo binti huwa hatarini zaidi.

Kwa hiyo lipo jambo la kufanywa mara moja, na halihitaji fedha nyingi. Vyuo vikuu vya pwani viandike kwa Kiswahili kila tamko la dharura, viweke katika kamati zao za dharura washauri nasaha, wasimamizi wa mabweni na wawakilishi wa wanafunzi wa kike wakiwa wajumbe wenye kura, na vimpe kila mwanafunzi njia moja ya kujibu inayofanya kazi hata pasipo na intaneti, kwa ujumbe mfupi au kupitia ofisi ya wadi. Halafu nyaraka za mwaka 2020, zile zilizotumwa na majibu yaliyorudi, zikusanywe katika tawi la Kwale pamoja na ushahidi wa mdomo wa wanawake waliofanya kazi ya kuwasikiliza wanafunzi mwaka huo, kabla simu zilizozihifadhi hazijaharibika na wenyewe hawajastaafu, kwa sababu hadi sasa historia ya janga lile katika vyuo vya pwani ni historia ya waliotia saini peke yao.